Kipandauso Ukiwa na Lupasi: Si Kila Kichwa Kinachouma ni Lupasi

Tuseme wewe ni mwanamke wa miaka 28. Una lupasi, umeshaizoea, dawa zako unameza kila siku. Leo saa nne asubuhi, ukiwa kazini, upande wa kushoto wa kichwa unaanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu. Mwanga wa dirishani unakuchoma macho. Harufu ya vitumbua, ambavyo jana ulivila kwa raha zako, leo inakutia kichefuchefu. Unajiuliza: hivi lupasi imeamka? Au ni kipandauso tu? Au malaria?

Kila jibu lina njia yake, na si kila njia inafika salama. Ukisema ni lupasi imepanda kichwani, utaingiwa na hofu na pengine utajiongezea vidonge vya steroidi bila kumuuliza daktari. Ukisema ni kipandauso, utapitia duka la dawa kuchukua diklofenaki, na huenda figo zako ndizo zitakazolipa gharama. Ukisema ni malaria, utameza dawa ya mseto bila kupima. Na kuna jibu la nne ambalo halitokei mara nyingi, ila likitokea halisubiri kesho: damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo, au kuna maambukizi kwenye utando unaouzunguka.

Makala hii ina jambo moja kubwa la kukuambia. Mwenye lupasi anapoumwa kichwa, mara nyingi ni kichwa kilekile kinachowauma watu wengine wote, na mara nyingi ni kipandauso. Lupasi haibadilishi sana maumivu yenyewe. Inachobadilisha ni mambo mawili: dawa gani unaweza kutumia, na dalili gani hutakiwi kuzipuuza hata kwa siku moja. Haya, twende taratibu.

Kipandauso ni nini hasa?

Mtaani tunaita kipandauso maumivu yoyote makali ya kichwa. Madaktari wana vigezo vyao. Shambulio lisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Maumivu huwa na angalau sifa mbili kati ya hizi nne: yako upande mmoja, yanapwita kama mapigo ya moyo, ni ya wastani au makali, na yanazidi ukitembea au kupanda ngazi. Pamoja na hayo kuna kichefuchefu au kutapika, au mtu anakerwa na mwanga na kelele kwa wakati mmoja. Na daktari hatamki kwa uhakika kwamba hiki ni kipandauso mpaka uwe umepata mashambulio yasiyopungua matano ya namna hiyo.

Baadhi ya watu hupata ishara kabla ya maumivu. Wanaona mistari inayometameta kama kioo kilichopasuka, au doa lisiloonekana kitu katikati ya macho. Wengine wanapata ganzi inayoanza vidoleni, inapanda mkononi, inafika kwenye mdomo. Wengine maneno yanawapotea. Ishara hizi huitwa aura, na kila moja kwa kawaida hudumu dakika 5 hadi 60.

Aura inatokana na nini? Hapa kuna hadithi nzuri ya sayansi. Mwaka 1941 Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa akipata aura, alichora jinsi doa lake lilivyokuwa likitanuka mbele ya macho. Akapiga hesabu: kama kuna kitu kinasafiri kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, basi kinakwenda takriban milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, Aristides Leão, mtafiti kutoka Brazil aliyekuwa Harvard, akaeleza kitu cha ajabu alichokiona kwenye ubongo wa sungura: wimbi la seli kuwaka kisha kuzima, likitambaa juu ya ubongo kwa mwendo uleule wa kinyonga. Leo wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba wimbi hilo ndilo chanzo cha aura.

Mwendo huo wa polepole una maana kubwa kwako, na tutaurudia.

Maumivu yenyewe ni jambo jingine. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Vinavyohisi ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyo kwenye utando huo, na taarifa zao hupelekwa na neva kubwa ya uso iitwayo trijemino. Wakati wa shambulio, ncha za neva hiyo humwaga protini ndogo iitwayo CGRP. Mishipa inatanuka, utando unakuwa mwepesi kuumia, na kila pigo la moyo linakuwa kama nyundo. Kwa hiyo kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva. Si uvivu, si deko, wala si mtu kukwepa vyombo jikoni.

Na lupasi?

Kwa kawaida mfumo wa kinga hutambua wageni, yaani bakteria, virusi na vimelea, na kuwashambulia. Kwenye lupasi, mfumo huo unatengeneza kingamwili dhidi ya sehemu za seli za mwili wenyewe, hata dhidi ya vinasaba vilivyo ndani ya kiini cha seli. Matokeo yake ni uvimbe unaoweza kutokea karibu popote: viungo vinauma, ngozi inatoka vipele (wakati mwingine vinatanda mashavuni na juu ya pua kama kipepeo), nywele zinadondoka, figo zinavuja protini, uchovu hauishi. Kati ya kila wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake, na wengi hugundulika wakiwa katika umri wa kuzaa.

Lupasi ina misimu. Kuna kipindi inatulia, kuna kipindi inaamka. Na kwa kuwa inaweza kugusa kiungo chochote, mgonjwa na hata daktari wanajenga tabia ya kuishuku kwa kila kitu. Goti likiuma, lupasi. Ukichoka, lupasi. Kichwa kikiuma, lupasi. Hapo ndipo sayansi inapotuomba tusimame kidogo.

Je, lupasi ndiyo inayoleta kipandauso?

Ukiuliza wagonjwa mia wa lupasi kama wanaumwa kichwa, zaidi ya nusu watasema ndiyo. Ni rahisi kuhitimisha kwamba lupasi ndiyo sababu. Lakini swali la mwanasayansi ni lingine: je, watu wasio na lupasi, wa umri huohuo na jinsia hiyohiyo, wanasemaje?

Mwaka 2004 jarida la *Brain* lilichapisha uchambuzi uliokusanya pamoja tafiti nyingi za namna hii. Kati ya wenye lupasi, takriban 57 kwa kila 100 walikuwa na maumivu ya kichwa ya aina fulani, na takriban 32 kwa kila 100 walikuwa na kipandauso. Namba kubwa, si ndiyo? Lakini walipolinganishwa na watu wasio na lupasi, tofauti haikuonekana. Kumbe kipandauso ni ugonjwa wa watu wengi mno. Duniani kote kinampata takriban mtu mmoja kati ya saba, na wanawake hukipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, hasa katika miaka ya kuzaa. Yaani kundi lilelile ambalo lupasi hulipenda. Magonjwa mawili yanakutana kwa mtu mmoja kwa sababu yote mawili yanapita njia moja.

Mwaka 2013 kundi la kimataifa la watafiti likaleta ushahidi mwingine. Liliwafuatilia wagonjwa 1,732 tangu walipogundulika karibuni kuwa na lupasi. Maumivu ya kichwa yalikuwa mengi, na kipandauso ndicho kilichoongoza. Ila waliopewa jina la "kichwa cha lupasi", yaani maumivu makali yasiyokoma ambayo daktari anayahesabu kuwa ni ya ugonjwa wenyewe, walikuwa asilimia 1.5 tu. Na kwa ujumla maumivu ya kichwa hayakufuata kupanda na kushuka kwa lupasi.

Mjadala haujafungwa. Zipo tafiti zilizopata kipandauso, hasa chenye aura, kwa wingi zaidi kwa wenye lupasi. Lakini ujumbe wa kazi za namna hii unakusaidia leo: kipandauso peke yake, kwa mtu ambaye kimemzoea, si ushahidi kwamba lupasi imeingia kichwani. Kwa hiyo si sababu ya kuongeza steroidi. Steroidi nyingi zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, zinakunyima usingizi. Na kukosa usingizi, kama tutakavyoona, kunaita kipandauso kingine.

Kichwa ambacho hutakiwi kukivumilia

Sasa upande wa pili, maana ni hatari pia kusema "ni kipandauso changu kile" wakati sicho. Mwenye lupasi ana sababu kadhaa za kuwa mwangalifu kuliko jirani yake.

*Maambukizi.* Dawa nyingi za lupasi hupunguza nguvu ya kinga. Homa ya uti wa mgongo, ya bakteria, ya fangasi au ya kifua kikuu, inaweza kuingia kimyakimya, wakati mwingine bila homa kali. Kichwa kinachouma pamoja na homa, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa ni cha hospitali siku hiyohiyo. Malaria nayo ipimwe, isikisiwe. Na kipimo cha malaria kikitoka hasi, usirudi nyumbani kana kwamba maswali yamekwisha.

*Damu kuganda.* Baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili ziitwazo antifosfolipidi, ambazo huifanya damu igande kirahisi. Hali hii ilielezwa mwaka 1983 na Graham Hughes na wenzake huko London. Inaweza kuleta kiharusi kwa mtu wa miaka 30, damu kuganda miguuni, au mimba kuharibika mara kwa mara. Kipimo chake ni cha damu, na hurudiwa baada ya wiki zisizopungua 12 ili kuthibitisha. Kama una lupasi na hujui kama umewahi kupimwa, hilo ni swali la kuuliza kliniki.

*Presha.* Figo zikiguswa na lupasi, presha hupanda. Presha iliyopanda sana inaweza kuumiza kichwa na kuathiri macho, hata kuleta degedege. Kwa mjamzito mwenye lupasi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu uwezekano wake wa kupata kifafa cha mimba ni mkubwa kuliko wa wengine. Kichwa kinachouma baada ya wiki ya 20 ya ujauzito kinahitaji presha ipimwe na mkojo uangaliwe protini, hata kama mama amekuwa na kipandauso tangu shuleni.

Tukumbuke lile wimbi la milimita 3 kwa dakika. Kwa sababu aura inatambaa, dalili zake huja polepole: ganzi inahama kutoka kidole kwenda kiganja kwenda mdomo kwa dakika kadhaa, na macho yanaona *kilichoongezeka*, kama mimeto na mistari. Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, na *kinaondoa*: nguvu ya mkono imekwenda, uso umepinda upande, kauli imekatika. Tofauti hii inasaidia kuelewa, lakini usiitumie kujihukumu mwenyewe ukiwa nyumbani. Mwenye lupasi anayepata ishara kama hizi kwa mara ya kwanza, au zikawa tofauti na alizozoea, aende hospitali haraka.

Kwa kifupi, usisubiri kama:

- maumivu yamelipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja;
- kuna homa, shingo ngumu, degedege, au unachanganyikiwa;
- mkono, mguu au uso umelegea, au maneno hayatoki;
- macho yamepoteza kuona, au unaona vitu viwiliviwili;
- maumivu yanazidi siku hadi siku, au yanakuwa makali zaidi ukilala au ukikohoa;
- ni mjamzito au umejifungua karibuni;
- kichwa hiki *hakifanani* na vichwa vyako vya kawaida.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko linavyoonekana. Huwezi kujua kisichofanana kama hujui cha kawaida kinafananaje. Ndiyo maana baadaye tutazungumzia daftari.

Dawa: hapa ndipo lupasi inaposema neno lake

Mtu mwenye kipandauso asiye na ugonjwa mwingine huambiwa ameze ibuprofeni, diklofenaki au aspirini mapema, na mara nyingi inamtosha. Wewe mwenye lupasi unahitaji kwanza kujua hali ya figo zako.

Sababu ni hii. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja. Damu inaingia kwenye kila kichujio kupitia mshipa mwembamba, kama maji yanavyopita kwenye koki. Figo ikiwa imeumia, mwili unaiacha koki hiyo wazi kwa msaada wa kemikali ziitwazo prostaglandini, ili damu iendelee kufika. Ibuprofeni na diklofenaki zinatuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini. Tatizo ni kwamba hazichagui: zinazuia za kichwani na za kwenye figo pia. Koki inabana, damu inapungua, figo iliyokuwa inajikongoja inaanguka. Ukiwa umetapika na kukaukiwa maji, au unatumia dawa fulani za presha, hatari inaongezeka. Kama unatumia methotreksati, dawa hizi zinaweza pia kuifanya ibaki mwilini kupita kiasi.

Na kuna jambo la kushangaza: kwa nadra, ibuprofeni yenyewe inaweza kumletea mwenye lupasi maumivu ya kichwa, homa na shingo kukakamaa, mfano wa homa ya uti wa mgongo lakini bila mdudu. Umekunywa dawa ya kichwa, kichwa kikazidi. Likikutokea, mwambie daktari ulichomeza, maana bila taarifa hiyo atatafuta bakteria asiyekuwepo.

Parasetamoli haibani koki ya figo kwa namna hiyo, ndiyo maana mara nyingi huwa chaguo la kwanza. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wenye ini dhaifu au uzito mdogo hupangiwa chini ya hapo. Siri ya parasetamoli ni wakati. Shambulio la kipandauso likishika, tumbo linapunguza mwendo, na kidonge kinakaa tumboni bila kuingia kwenye damu. Ukingoja mpaka "nione kama kitaacha chenyewe", umeshachelewa. Meza mwanzoni. Kama unatapika, daktari anaweza kukuongezea dawa ya kichefuchefu, ambayo pia hulisukuma tumbo lifanye kazi.

Zipo pia triptani, kama sumatriptani, zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso. Zinatuliza neva ya trijemino na kubana mishipa iliyotanuka. Neno "kubana" likuzindue. Aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, au ambaye presha yake haijadhibitiwa, hatakiwi kuzitumia. Mwenye antifosfolipidi azungumze kwanza na daktari wake. Vivyo hivyo mwenye hali ya Raynaud, ambayo ni ya kawaida kwenye lupasi: vidole vinakuwa vyeupe, kisha vya bluu, ukishika kitu cha baridi au ukikaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi kikali.

Halafu kuna mtego. Dawa ya maumivu ikitumika mara nyingi mno, yenyewe inaanza kuleta maumivu. Mpaka unaotumiwa na madaktari ni siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa dawa kama parasetamoli au ibuprofeni zikiwa peke yake, na siku 10 au zaidi kwa triptani, dawa zenye kodeini au vidonge vyenye mchanganyiko, kwa zaidi ya miezi mitatu. Angalia nyuma ya ile pakiti unayonunua dukani: vidonge vingi vya "kichwa" vina aspirini, parasetamoli na kafeini humohumo. Hesabu *siku*, si vidonge. Na mwenye lupasi anaweza kufika mpaka huo bila kujua, kwa sababu anameza dawa zilezile kwa ajili ya viungo.

Kuzuia badala ya kukimbizana

Mashambulio yakiwa manne au zaidi kwa mwezi, au yakikulaza kitandani, uliza kuhusu dawa za kinga. Mbili hazina bei kubwa na zinapatikana sana kwetu. Propranololi ni dawa ya presha na moyo ambayo pia huzuia kipandauso. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyo. Ila inaweza kuzidisha Raynaud, na mwenye pumu hatakiwi kuitumia. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huzuia kipandauso na kuleta usingizi, jambo linalowafaa wengi. Kumbuka tu kwamba amitriptilini na haidroksiklorokwini, dawa ya msingi ya lupasi, zote zinaweza kugusa mwenendo wa umeme wa moyo, kwa hiyo daktari anaweza kutaka kipimo cha ECG kwanza. Usishangae, na usiache haidroksiklorokwini kwa hofu: ndiyo inayozuia lupasi isiamke. Valproeti na topirameti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kwa mwanamke anayeweza kushika mimba si dawa za kuanza bila mazungumzo marefu.

Dawa za kinga hazifanyi kazi siku mbili. Zipe wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema hazijakusaidia.

Na uzazi wa mpango? Hapa magonjwa mawili yanasema kauli moja. Vidonge vya kawaida vyenye estrojeni vinaongeza uwezekano wa kiharusi kwa mwenye kipandauso chenye aura. Vinaongeza pia kuganda kwa damu kwa mwenye antifosfolipidi. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kila moja ya hali hizo peke yake inatosha kuvipa vidonge hivyo kundi la 4, maana yake: visitumike. Njia zisizo na estrojeni zipo, kitanzi cha shaba kikiwa mojawapo. Nesi wa uzazi wa mpango hawezi kujua una aura kama hukumwambia, basi mwambie.

Vichochezi vinavyokutana

Kuna vitu vinavyochokoza magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo juhudi ndogo inalipa mara mbili.

*Jua.* Miale ya jua inaweza kuamsha lupasi, na mwanga mkali unaweza kuita kipandauso. Sisi tunaishi karibu na ikweta, jua letu ni kali mwaka mzima. Ngozi nyeusi inapunguza kuungua, lakini haikukingi na lupasi kuamka. Mwavuli, kofia pana, mtandio, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua si mapambo.

*Usingizi.* Kulala kidogo, na hata kulala kupita kiasi Jumapili, vyote vinachokoza. Kama unatumia prednisoloni, kuimeza asubuhi badala ya jioni kunasaidia usiku uwe usiku.

*Njaa na kiu.* Kuruka mlo ni kichochezi cha kawaida. Mwezi wa Ramadhani wengi huumwa kichwa siku za mwanzo, na sehemu ya sababu ni kahawa na chai vilivyokatwa ghafla. Kama unapanga kufunga, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu ratiba ya dawa itabadilika, na figo hazipendi kiu. Punguza kahawa taratibu kabla ya mwezi kuandama, na usiruke daku. Lupasi ikiwa imeamka au figo zina shida, kumbuka mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga.

*Hedhi.* Estrojeni ikishuka kabla ya hedhi, kipandauso hupata mlango. Ukijua tarehe, unaweza kujiandaa.

Daftari la shilingi mia tano

Huhitaji programu ya simu. Daftari dogo linatosha. Kila kichwa kinapouma andika: tarehe, saa kilipoanza na kuisha, upande gani, kulikuwa na aura au la, ulimeza nini, siku ya ngapi ya mzunguko wa hedhi. Pembeni andika hali ya lupasi: viungo vinauma? vipele? miguu imevimba? mkojo una povu?

Baada ya miezi miwili mitatu utaona kitu. Kama vichwa vinakuja lupasi ikiwa imetulia, na vinafuata hedhi au siku za kukosa usingizi, hicho ni kipandauso chako na kitibiwe kama kipandauso. Kama kichwa kimebadilika sura wakati uleule mkojo unatoa povu na miguu inavimba, peleka daftari kliniki bila kusubiri tarehe yako.

Ukifika, daktari pengine ana foleni ndefu nje. Msaidie kwa sentensi chache: "Nina lupasi tangu mwaka fulani. Kipimo changu cha mwisho cha figo kilikuwa hivi. Antifosfolipidi nimepimwa, au sijapimwa. Vichwa ni siku ngapi kwa mwezi, na dawa za maumivu nameza siku ngapi. Natumia dawa hizi." Dakika moja tu, na umempa zaidi ya alichoweza kukuuliza kwa kumi. Kwa muuza duka la dawa sentensi ni moja: "Nina lupasi, figo zangu zinaangaliwa, usinipe diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari."

Na kama wewe msomaji huna lupasi ila unaishi na mwenye nayo, kazi yako ni rahisi. Akikuambia kichwa kinapwita, zima taa ya sebuleni, punguza redio, mletee maji na parasetamoli yake mapema. Usimwambie "si juzi tu uliumwa?" Mpime kwa macho: anaongea vizuri, uso haujapinda, hana homa, shingo inageuka? Kama yote ni sawa na yeye mwenyewe anasema ni kile cha kawaida, mwache alale. Kama kimoja si sawa, tafuta usafiri.